Namba za siri za watu kumi na moja ninazo mimi

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tabora. Mi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kipo njia ya kwenda stesheni, huu mwaka wa tisa, na kuna jambo limenikaa rohoni nikaona nikuandikie wewe manake nikiwaambia wateja wanacheka tu wanachukua hela zao wanaondoka. Jambo lenyewe ni kwamba najua namba za siri za watu kumi na moja. Sijaiba wala sijamchungulia mtu begani. Wamenipa wenyewe kwa midomo yao, wengine kwa sauti foleni nzima inasikia, na kila siku nawaambia jamani hii siri yako usimpe mtu hata awe nani, wananijibu sasa mwanangu nifanyeje?

Na kweli, wafanyeje.

Nianze na Mwalimu. Jina simtaji, ila watu wa Tabora wa umri wangu wengi wamepita mikononi mwake. Ni mstaafu, haoni, anasoma nukta nundu kwa vidole vyake haraka kuliko mi ninavyosoma meseji. Pensheni yake inaingia benki. Kila mwisho wa mwezi anakuja na bajaji mpaka kibandani, namwachia kibanda binti wa jirani (pamoja na floti yangu yote, Mungu ndo mlinzi), Mwalimu ananishika bega tunaenda mpaka kwenye ATM. Kadi naingiza mimi. Ananinong'oneza namba, nabonyeza mimi. Mashine inauliza kiasi gani, nabonyeza mimi, inauliza risiti unataka, nabonyeza mimi, hela ikitoka nahesabu mimi namwekea mkononi, halafu ananiuliza "imebaki ngapi mwanangu?" namsomea. Mtu aliyefundisha hesabu nusu ya mji huu hajui salio lake mpaka wakala amwambie, na siku nikimdanganya elfu ishirini hana pa kuhakikisha. Siku moja nilianza yale mahubiri yangu ya siri siri, akacheka akasema, "Mi sina namba ya siri, nina wewe." Alisema kwa utani. Mi sikucheka, nililala nawaza kwamba siku nikifa Mwalimu itabidi atafutiwe siri nyingine.

Halafu mashine yenyewe ndo tunaambiwa ni ya kujihudumia.

Sasa sikia kilichonifanya nishike simu niandike barua ndefu hivi. Siku hiyo tumefika kwenye ATM mtandao uko chini, mlinzi akasema subirini dakika kumi, mi katika kusubiri nikawa naikagua mashine kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, nikaona chini ya kioo, pembeni, kuna katundu kadogo kaduara na juu yake kamechorwa kapicha ka eafoni. Miaka yote naenda pale sijawahi kukaona. Kwenye pochi nina eafoni za elfu tatu za sokoni, nikazitoa, nikachomeka, nikamwekea Mwalimu masikioni. Mtandao ukarudi, tukaingiza kadi. "Unasikia kitu?" "Sisikii kitu." Nikachomoa nikachomeka tena, nikaizungusha, nikajaribu sikio langu mwenyewe, kimya kabisa, hata ule mkwaruzo wa redio mbovu hamna. Mlinzi akaja mbio, "Mama hapo hamchaji simu!"

Nikaingia ndani kuuliza. Kijana wa dawati la huduma, mstaarabu sana wala simlaumu, akaniambia hicho kitundu hakitumiki. Nikamuuliza sasa kipo cha nini? Akasema, "Kimekuja na mashine."

Kimekuja na mashine! Yaani mtu huko kiwandani alikaa akamfikiria Mwalimu wangu, akatoboa tundu, akachora na picha, mashine ikasafirishwa ikapakuliwa ikafungwa ukutani Tabora, na kilichobaki ilikuwa kuwekewa sauti tu na mtu wa kusema iwashwe. Hakuna aliyesema. Mwalimu tulipotoka akaniuliza wamesemaje, nikaona aibu kumjibu, nikamwambia wanashughulikia. Mwalimu nisamehe, hawakusema hivyo.

Toka siku hiyo, ile saa nane mchana wateja wakiwa wachache, nimekuwa nasoma habari za hizi mashine kwenye simu, na vitu nilivyokutana navyo vimenishangaza kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu. Kumbe ATM ya kusema siyo ndoto wala siyo kitu cha juzi. Kanada waliweka ya kwanza mwaka 1997 mjini Ottawa, baada ya wateja wasioona kudai miaka mingi, na Marekani ikafuata mwaka 1999, pale ukumbi wa jiji la San Francisco. 1997! Mi nilikuwa bado navaa yunifomu. Inavyofanya kazi ni rahisi mpaka inauma: unachomeka eafoni yako mwenyewe, sauti inakuambia ingiza kadi, inakuambia batani gani iko wapi, inakusomea salio masikioni mwako wewe peke yako, na nyingine zinakuruhusu uzime kabisa kioo ili aliyesimama nyuma asisome kilichoandikwa. Huyo asiyeona anakuwa na siri kuliko hata mimi ninayeona.

Na hii namba ya siri yenyewe ina hadithi. ATM ya kwanza ya Barclays ilifunguliwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967. John Shepherd-Barron, anayetajwa kuwa ndo aliyeibuni, alisimulia mwenyewe kwamba alitaka namba ya siri iwe na tarakimu sita kama namba yake ya jeshini, akamuuliza mkewe Caroline, mama akasema mi sita sikumbuki, naweza kukumbuka nne. Basi zikawa nne. (Wenyewe kule wanabishana, kuna Mskoti James Goodfellow naye alisajili uvumbuzi wake 1966, hayo tuwaachie.) Mi nilipoisoma nikamsimulia Mwalimu, akakaa kimya kidogo akasema kwa hiyo waliwahi kumuuliza mtu. Ndiyo Mwalimu, walimuuliza mtu mmoja, tena nyumbani kwake, akasema sita nyingi, na leo hii mpaka sisi wa Tabora tunabonyeza nne.

Wewe unayesoma, chukua simu ya kitochi kama unayo jirani, pitisha kidole juu ya batani ya tano. Umeona kakipele? Hako siyo kasoro ya kiwanda. Ukishaishika tano, moja iko juu kushoto, tisa iko chini kulia, sifuri chini ya nane, umeshaijua simu yote bila kuangalia. ATM nazo zina kakipele hako hako, na kwa kanuni za Marekani ile batani ya kukubali inawekewa duara lililoinuka, ya kufuta mshale wa kushoto, ya kughairi herufi X, vyote vya kupapasa. Na kanuni hizo hizo zinataka batani zipangwe kwa safu kama za simu, ianze moja juu au saba juu, siyo mtengenezaji ajipangie anavyojisikia, ingawa mtu wa kupapasa akizoea moja juu halafu akutane na saba juu kama kwenye kikokotoo, kwisha habari yake.

Wateja wangu wasioona wanatumia pesa za simu kwa njia hiyo hiyo, kwa kichwa. Mmoja ana wimbo wake kabisa, moja, moja, namba, kiasi, siri, anabonyeza haraka mpaka unashangaa, na anamaliza bila kumuuliza mtu. Raha sana kumwangalia. Mpaka asubuhi moja watu wa mtandao fulani waliamka wameipangua menyu, kilichokuwa moja kimekuwa tatu, hawajamwambia mtu, na mama wa watu akanunua bando la siku thelathini badala ya kutuma ada ya mtoto. Sisi tunaoona tulilalamika siku moja tukasahau. Yeye alianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Na ile menyu kukatika ukichelewa kidogo! Bibi mmoja wa Urambo, vidole vimekaza kwa miaka ya kufunga tumbaku, anatafuta batani taratibu, kabla hajafika mwisho imekata, anaanza tena imekata, mara ya tatu ananipa simu na namba ya siri juu yake. Huyo ni wa nane kati ya wale kumi na moja. Hana ulemavu wowote ukimuuliza, atakuambia yeye mzima kabisa. Ni mzee tu, na mashine ina haraka kuliko yeye.

Kitu ninachokiogopa sasa ni vioo. Mashine nyingi mpya zinazokuja ni kioo kitupu kuanzia juu mpaka chini, kinang'aa kizuri, hakina batani hata moja, hata mashine za kulipia madukani zinaenda huko, unapewa kioo uandike namba ya siri, sasa asiyeona apapase nini, apapase ubaridi? Huko Australia benki moja kubwa ilileta mashine za namna hiyo, wasioona wakaipeleka mahakamani 2018, mwaka uliofuata wakamalizana. Na asiniambie mtu kwamba kioo hakiwezi kusaidiwa, kinaweza, simu za iPhone zina sauti ya kuwasomea wasioona tangu 2009 na za Android nazo zilianza mwaka huo huo, unapitisha kidole, inakutajia kilicho chini ya kidole, ukikitaka unagonga mara mbili. Mpwa wa Mwalimu anayo hiyo, inamsomea mpaka meseji za wadeni. Na sauti za kompyuta za Kiswahili zipo, zinatamka vibaya majina yetu ya Kinyamwezi lakini tarakimu zinasema vizuri tu, na kwenye hela tarakimu ndo tunazitaka.

Vidole navyo. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, 2019 kuelekea ile tarehe 20 Januari 2020 ya kuzimiwa, mi nilikuwa nasajili hapa hapa kibandani, na ndo nilijua kwamba mkono wa mkulima hausomeki. Wazee wa Sikonge wanakuja, kidole kimekuwa laini kama kijiko kwa jembe na kazi za miaka hamsini, unaweka kwenye kimashine kinasema rudia, unaosha kwa sabuni, rudia, unapaka mafuta kidogo, rudia, unajaribu gumba, unajaribu mkono wa pili, mzee anaanza kukuangalia kama vile yeye ndo kakosea. Mmoja aliniambia, "Kwa hiyo mi sipo?" Akasafiri mara tatu. Mashine inayojua njia moja tu ya kumtambua mtu haikosi wa kumfungia nje, leo mwenye vidole vilivyokwisha, kesho aliyekatwa mkono, kesho kutwa we mwenyewe umeungua na sufuria. Lazima kuwe na njia ya pili na iwe imefikiriwa toka mwanzo, siyo mzee akishalia ndo aitwe meneja.

Na hilo la kesho kutwa we mwenyewe nalisema kwa kuwa lilinikuta. Bodaboda iliniangusha maeneo ya Ipuli, mkono wa kulia ukavunjika, plasta wiki sita. Nyumbani fundi alifunga kile kimashine cha luku, cha kuingizia umeme ulionunua, juu ya mlango, juu kabisa, nadhani aliogopa watoto. Mi mfupi. Tokeni ya luku tarakimu ishirini. Basi nichore picha: mama mzima kapanda stuli gizani, simu yenye tokeni kaibana kwa kidevu, mkono mmoja umefungwa shingoni, mwingine wa kushoto unabonyeza, ukikosea ya kumi na saba unaanza moja, stuli inacheza, na majirani wanauliza vipi huko umeme umerudi? Nilikosea mara nne. Kadi yangu mwenyewe ya benki nilikuwa naiingiza kwa mkono wa kushoto upande wa kulia nimejipinda kama nyoka. Wiki sita tu zile, mi plasta ikatolewa. Kabla ya hapo, nakiri, nilikuwa nawaona wateja wa namna hiyo kama usumbufu wa foleni.

Kuna fundi viatu hapa mjini anatembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kusukuma kwa mikono. ATM ya karibu na anapokaa ina ngazi tatu. Tatu tu, na ni kama Kilimanjaro. Anampa kadi kijana wa bodaboda, na namba juu yake. Juzi nilimuuliza hata ngazi zikitolewa utafika? Akasema kioo kiko usawa wa kofia yake. Wamarekani kwenye vipimo vyao wanasema kitu cha juu kabisa cha kubonyeza kisizidi milimita 1,220 kutoka chini, yaani mita moja na sentimita ishirini na mbili, na mbele kuwe na nafasi ya kiti mwendo kuingia, na ngazi ikiwepo kuwe na mteremko ambao kwa kila sentimita moja ya kupanda unaenda mbele sentimita kumi na mbili. Siyo mambo ya roketi, fundi ujenzi yeyote wa Tabora anaweza, mchanga tunao. Na pale stendi wanakopita sana kwenye ule mteremko mmoja uliopo ni kina mama wenye magunia na wenye mabegi ya matairi, watu wenye viti mwendo ndo wachache.

Sasa hili la binti kiziwi ndo limenitia kwenye dhambi. Mji wetu una shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza nchini, kwa hiyo viziwi tunao wengi tu, mafundi, washonaji, watu wa kazi. Binti mmoja mshonaji kadi yake ikamezwa na mashine siku ya Jumamosi. Kwenye mashine kuna stika, kadi yako ikimezwa piga namba hii. Piga! Akaja kwangu na kidaftari kaandika "naomba nipigie". Nikapiga, dada wa huduma kwa wateja akasema lazima niongee na mwenye akaunti mwenyewe. Nikamweleza mwenye akaunti ni kiziwi, akasema naelewa mama lakini ni utaratibu, naomba niongee na mwenye akaunti. Nikakata. Nikapiga tena, na safari hii, Ndugu Mhariri, mwenye akaunti nikawa mimi. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, binti akanionyesha kwa vidole, akauliza jina la mama, akaniandikia, tukafanikiwa. Huo utaratibu uliowekwa kuwazuia wezi ulimzuia mwenye mali, na aliyepita ni mwongo. Meseji ya kawaida ingetosha. Kama kuna mtu wa sheria anasoma, kosa langu hilo nimelisema mwenyewe.

Kijana mwenye ualbino anayeuza vocha upande wa pili wa barabara naye ana lake. Macho yake hayataki mwanga mkali na ya mbali hayaoni, ATM imegeukia magharibi, kuanzia saa tisa jua linapiga kioo chote, herufi zenyewe za kijivu juu ya bluu, basi anabandika uso kwenye kioo mpaka pua inagusa na watu nyuma wanaguna, huyu anainusa au? Saa za jioni jua likizama anaona vizuri, lakini saa hizo hapendi kusimama peke yake kainamisha kichwa, na kwa mkoa wetu na majirani zetu wa Kigoma sababu zake hazihitaji maelezo, ile shule ya Kabanga kule Kasulu haikuja kuwapokea watoto wenye ualbino bila sababu. Anachotaka ni herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe au nyeupe juu ya nyeusi, na kakofia ka bati juu ya mashine ka kukinga jua. Kakofia ka bati, jamani.

Najua nitaulizwa, wewe wakala unapigania mashine ziwe rahisi, si utakosa kazi? Mwalimu mi simtozi hata mia. Na kamisheni yangu inatoka kwenye kuweka na kutoa, haitoki kwenye kubeba siri. Siri za watu ni mzigo. Ikitokea hela ya mmoja wao imepotea, wa kwanza kuitwa polisi ni nani? Sitaki kuwa mwaminifu kwa lazima.

Na nitaambiwa hao watu ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3, asilimia 16 ya watu wote duniani, yaani mmoja kati ya sita. Ongeza wazee, ongeza wenye plasta. Sheria tunayo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake, 2009, nchi yetu iliridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara ya 9 inazungumzia mpaka vifaa vya habari na mawasiliano na huduma zote zilizo wazi kwa umma. Mi siyo mwanasheria ila ATM ukutani barabarani sioni itajitoaje hapo.

Kilichonipa haraka ni reli. Watu wa mji huu mnajua, treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro na Dodoma mwaka 2024, inakuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Kigoma peke yake mkataba ni wa kilomita 506. Reli tunayo toka enzi za Mjerumani, na sisi ni njia panda, Mwanza kule, Mpanda kule, Kigoma kule, na hapa stesheni ya zamani tumezoea dirisha, unainama unamwambia karani "daraja la tatu Kigoma", asiyeona anasema, mzee anasema, kiziwi anaandika kikaratasi, karani anamjua kila mtu na matatizo yake. Stesheni mpya zinakuja na mambo mapya, kuskani, mageti, na sitashangaa zikija mashine za kukatia tiketi. Vizuri, tunazitaka. Ila mashine mbovu ukishaifunga hutaing'oa. Ulaya wameweka sheria kwamba kuanzia tarehe 28 Juni 2025 ATM mpya, mashine za tiketi na za kujiandikisha safari ziwe za kutumika na watu wenye ulemavu, lakini zile za zamani nchi inaruhusiwa kuziacha mpaka ziishe maisha yake, hata miaka ishirini tangu zianze kutumika. Miaka ishirini! Wenye hela zao wameogopa gharama ya kung'oa, sisi tutaiweza? Kwa hiyo anayeandika zabuni leo ndo anayeamua kama mtoto anayesoma Shule ya Furaha hapa mjini, haoni, atajikatia tiketi mwenyewe akiwa na miaka thelathini au atakuwa bado ananong'ona namba kwenye sikio la mtu kama mimi.

Ombi langu kwa wahusika wa benki, wa reli, wa mitandao, wa luku, ni kwamba kabla hamjanunua, leteni mashine moja tu ya mfano, iwekeni hapa Tabora siku tatu, muiteni Mwalimu, fundi viatu, binti mshonaji, kijana wa vocha, na yule mzee wa Sikonge asiye na alama za vidole. Vyama vyao vipo, CHAVITA cha viziwi wapo, Chama cha Wasioona wapo, SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, inavijumuisha, siyo lazima mje kwa wakala wa njia ya stesheni. Msiwaite kwenye semina ya soda na posho, wapeni kadi, kaeni pembeni, msiwasaidie, muangalie wapi wanakwama. Nusu siku mtajua mengi kuliko ripoti yoyote. Na hata mashine ikiwa nzuri vipi, lile dirisha lenye mtu lisizibwe matofali.

Na kwa benki yenye katundu ka eafoni, sikutaji, ila unajijua. Washa hiyo sauti. Mwalimu tayari ana eafoni, nimempa zile zangu za elfu tatu.

Barua hii nimemsomea yeye kwanza kabla ya kuituma, maana nimemsema sana. Kanisahihisha mahali pawili kwenye Kiswahili (nilikuwa nimeandika "ngazi matatu", nikajitetea ni simu, akasema simu haijasoma kwangu), halafu akauliza, "Namba yangu hujaiandika humo?"

"Hapana Mwalimu."

"Basi tuma."

Wakala wa njia ya stesheni,
Tabora